Mstari Uliofunikwa kwa Kidole

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Oumayma alichukua ndoo na kuteka maji katika birika la uchochoro wao, mtaa wa Badjanani, mjini Moroni. Moroni haina mto. Watu hukinga maji ya mvua na kuyahifadhi, na uchochoro mzima huteka hapo hapo, kwa kamba ileile. Aliporudi alimkuta bibi yake, Koko Zouhoura, ameketi mlangoni, uso ameupaka msindzano, ule msandali uliosagwa ambao wanawake wa Komoro hujipambia.

"Kwezi, Koko," Oumayma alimwamkia.

"Mbona, mjukuu wangu," Koko aliitikia, kama salamu hiyo inavyoitikiwa visiwani. "Umeniletea tena maji yaliyolala? Kwetu Mutsamudu maji hutembea."

Koko alikuwa mtu wa Mutsamudu, katika kisiwa cha Ndzuani. Alikuja Moroni kwa binti yake, Ramlati, ambaye ndiye mama yake Oumayma, ili ahudhurie arusi na kukaa wiki mbili tu. Akiwa huku, wakubwa wa Ndzuani wakatangaza kwamba kisiwa chao kimejitenga na Komoro. Meli zikawa za kubahatisha, simu zikawa za kuvizia, na wiki mbili zikageuka miezi. Baba yake Oumayma, Bwana Chaher, naye alikwama upande wa pili, dukani kwake Mutsamudu.

Ndani ya sanduku lake Koko alikuwa na shiromani mpya, nguo ya kujitanda ya wanawake wa Ndzuani, nyekundu kwa nyeupe. Aliiweka kwa ajili ya siku ya kurudi nyumbani. Kila Ijumaa aliitoa, akaikunjua, akaitazama, akaikunja tena. Bibi huyu hakutaka kitu kingine duniani ila kushuka bandarini Mutsamudu akiwa amejitanda shiromani yake.

Kisha kipindupindu kikaingia mjini, nao mji ukajaa wataalamu wasiosomea. Barazani, wanaume walibishana tangu alasiri mpaka adhana.

"Ugonjwa huu utatumaliza!"

"Utatumaliza wapi? Malaria inaua zaidi."

"Redio imesema wamekufa wengi."

"Redio ya nani hiyo? Mimi najua wawili tu, na mmoja alikuwa mgonjwa tangu zamani."

Kila mtu alikuwa na hesabu yake, na hakuna aliyekuwa amehesabu.

Mwalimu Mdahoma, aliyewafundisha kina Oumayma, aliona heri wanafunzi wabishane kwa utaratibu. Akatoa mada ya mdahalo: "Kipindupindu kinatisha kuliko kinavyoua." Oumayma alipangiwa kuitetea mada, na Achraf kuipinga. Darasa likacheka. Oumayma alikuwa na miaka kumi na mitatu na ulimi mwepesi. Achraf alikuwa mtaratibu, akisema maneno matatu, la nne linamkwama.

Oumayma hakupenda kushindwa. Alikwenda kwa jirani yao Allaoui, muuguzi katika mahema ya wagonjwa wa kipindupindu, akamwomba takwimu. Allaoui alimwandikia mistari miwili kwenye karatasi. Mstari wa kwanza: kati ya wagonjwa mia walioletwa mapema, alikufa mmoja. Mstari wa pili: kati ya kumi waliocheleweshwa nyumbani, walikufa watano.

"Isome yote miwili," Allaoui alimwambia. "Mmoja bila mwenzake haufai kitu."

Siku ya mdahalo chumba kilijaa, na wazazi kadhaa walisimama madirishani. Achraf alianza. Alisema mjomba wake alikula chakula cha usiku vizuri, akaamka anaharisha, na kabla ya adhuhuri alikuwa maiti. Sauti ilimtetemeka, akaketi kabla ya kumaliza.

Oumayma akasimama, akaikunjua karatasi. "Namhurumia mwenzangu," alisema, "lakini mtu mmoja si hesabu. Hesabu ni hii hapa, imetoka kwa muuguzi. Katika wagonjwa mia, amekufa mmoja!" Aliiinua karatasi juu ili wote waione. Kidole gumba chake kilikuwa kimekaa juu ya mstari wa pili, na hakikukaa hapo kwa bahati mbaya.

Watu walipiga makofi. Mwalimu Mdahoma akampa zawadi ya kamusi. Koko hakujiweza kwa furaha. Aliusimulia ushindi ule uchochoro mzima, na msafiri mmoja alipopata nafasi ya kwenda Ndzuani, Koko alimpa barua kwa jirani zake wa Mutsamudu. Bila shaka alimtaja mjukuu wake kwa jina.

Wiki tatu baadaye, baada ya sala ya alfajiri, Koko alianza kuharisha na kutapika. Jua lilipopanda, macho yake yalikuwa yamedidimia, na msindzano wa jana ulikuwa umekauka na kupasuka usoni.

"Mama, twende kwenye mahema," alisema Ramlati. "Natafuta gari sasa hivi."

"Siendi," Koko alijibu. "Nikifungua mdomo tu watajua mimi ni mtu wa Ndzuani. Siku hizi wanatutazama kwa jicho baya. Na nikifia kule, nitaoshwa na nani? Niacheni hapa, itapita. Kwani kinaua wangapi? Mmoja katika mia. Si mwanao aliyesema? Oumayma, mwambie mama yako."

Ramlati akamgeukia binti yake. Oumayma alitaka kutamka mstari wa pili, lakini aliyaona makofi, akaiona kamusi, akauona uso wa Mwalimu Mdahoma siku atakapojua.

"Ndiyo, Koko," alisema. "Mmoja katika mia."

Basi wakangoja. Ramlati alimnywesha mamaye maji ya chumvi na sukari, naye akayatapika. Adhuhuri ikapita. Miguu ya Koko ikaanza kukakamaa, na sauti ikawa ndogo hata wakawa wanainama kumsikia. Hapo Oumayma akaangua kilio.

"Mama, kuna mstari wa pili! Wanaobaki nyumbani hufa nusu yao. Niliuficha ili nishinde!"

Ramlati alimbeba mamaye mgongoni, akashuka naye mpaka barabarani, akasimamisha gari la kwanza lililopita. Kwenye mahema Allaoui alihangaika kutafuta mshipa wa kutundikia dripu, mkono huu na mkono ule, na mishipa ilikuwa imezama. Koko alifariki kabla ya magharibi.

"Laiti angefika asubuhi..." Allaoui alianza kusema, ndipo akamwona Oumayma.

Waliomzika walivaa glavu. Ramlati, ambaye alikuwa na haki ya kumwosha mama yake kwa mikono yake, alisimama mbali akitazama. Shiromani ilibaki sandukuni. Tangu siku ile Ramlati hakusema neno lolote juu ya karatasi ile, wala hakugomba, wala hakulaumu. Oumayma angependelea kuchapwa. Usiku alilia chini ya shuka, na kamusi aliisukuma uvunguni, asiifungue tena.

Mwaka uliofuata hasira zilipanda Moroni dhidi ya watu wa Ndzuani. Wengi walifukuzwa, wakapanda meli na vifurushi vyao vichwani. Ramlati na Oumayma walikuwa miongoni mwao, na baina yao walishika sanduku la Koko. Bwana Chaher aliwapokea bandarini Mutsamudu. Aliwakumbatia, kisha akatazama nyuma yao, kama mtu anayemngoja wa tatu. Alikuwa na habari za msiba tangu zamani, lakini macho yake hayakukubali.

Walifikia nyumba ya Koko, ambayo sasa ilikuwa ya Ramlati, kwani kwa desturi ya visiwa hivi nyumba hurithiwa na binti. Kwenye kijito cha mji wanawake walikuwa wakifua, na watoto wakichezea maji. Kweli maji yalitembea. Ila kipindupindu nacho kilikuwa kimetembea nayo.

Hata wiki haijaisha, Tadjidine, mtoto wa miaka sita wa jirani yao Saoudat, akashikwa na kuharisha. Ramlati na Oumayma walikwenda kumjulia hali, wakamkuta amelala mkekani, midomo imekauka.

"Mpelekeni hospitali, Saoudat," alisema Ramlati.

"Hospitali gani, dada yangu, na dawa zenyewe siku hizi za shida? Apumzike hapa hapa. Ugonjwa huu hauui sana." Saoudat akatabasamu, akamgeukia Oumayma. "Wewe mwenyewe si ulithibitisha mbele ya walimu? Koko wako alituandikia. Tumeisoma barua yake mpaka imechanika. Mmoja katika mia!"

Oumayma alisimama kama aliyepigwa. Barua za baba yake hazikuwahi kufika Moroni mwaka mzima, na uongo wake ulikuwa umevuka bahari salama.

"Mama Tadjidine," alisema, na safari hii hakungoja, "barua ile ni nusu. Ni kati ya walioletwa mapema tu ndipo alipokufa mmoja katika mia. Waliobaki nyumbani walikufa watano katika kumi. Mstari huo niliufunika kwa kidole. Koko aliniamini, akangoja, akafa."

"Koko?" Saoudat alishangaa. "Koko si alikufa kwa uzee? Ndivyo tulivyoambiwa kwa simu."

Ramlati aliinamisha kichwa. "Ni mimi niliyewaambia hivyo," alisema. "Alikufa kwa kipindupindu. Niliona haya kusema tulimngojesha. Mchukue mtoto, Saoudat. Usikae hata dakika moja."

Bwana Chaher alimbeba Tadjidine mgongoni mpaka hospitali. Dripu zilikuwa chache, lakini mtoto alikuwa bado na nguvu za kumeza, na pakiti za chumvi za kuchanganya na maji zilikuwapo. Saoudat alimnywesha kijiko baada ya kijiko usiku kucha. Siku ya tatu Tadjidine aliomba wali, tena akalalamika kwamba ni kidogo.

Ijumaa ile Ramlati alifungua sanduku, akaitoa shiromani, akaitandaza kitandani kwa Koko. Oumayma alisimama mlangoni, asithubutu kuingia.

"Njoo, mwanangu," Ramlati alimwita. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu msiba. "Nilikukasirikia mwaka mzima, na muda wote huo mimi mwenyewe nilikuwa nimefunika mstari wangu. Wewe ulificha ili upigiwe makofi, nami nilificha ili nisiaibike. Kama Tadjidine angekufa, tungekuwa tumemuua sote wawili."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza, na usisahau. Uongo si kusema lisilokuwapo tu. Ukweli ukiukata nusu, ukampa mtu anayekuamini, umempa sumu kwa mkono wa kulia. Ukijua jambo linaloweza kuokoa roho, liseme lote, na uliseme mapema, hata kama litakuvunjia heshima. Heshima hurudi. Koko harudi."

Oumayma alilia, na mama yake akalia pamoja naye. Walipomaliza, Oumayma alichukua kipande cha boksi, akaandika mistari yote miwili kwa herufi kubwa, na chini yake: "Chemsha maji. Mgonjwa apelekwe mara moja." Akakipachika kwenye mlango wa Koko, mahali ambapo wanawake hupita wakienda kijitoni.

Kisha akarudi ndani, akaikunja shiromani taratibu, pembe kwa pembe, kama alivyomwona Koko akifanya kila Ijumaa.