Kibuyu Kilichosimama Mtoni

Peugeot 404 ya mizigo ilishuka kutoka Makambako kama inafukuzwa.

Ilikuwa inafukuzwa.

Nyuma yake mpelelezi Tupokigwe alikanyaga mafuta. Land Rover ikanguruma. Redio ikakoroma, mkuu wake akamwita kwa jina lake la kazi.

"Kinyonga, upo?"

"Nipo, mkuu. Namwona."

"Usiipige risasi gari. Mzigo ukivunjika, au ukivuka Tunduma, kazi ya Anania imekwisha."

Mzigo wenyewe ulikuwa mfano mdogo wa jukwaa linaloelea, la kuzalishia gesi kwenye bahari ya kina kirefu. Badala ya miguu mingi ya chuma, mhandisi Anania alilisimamisha juu ya mtungi mmoja wa zege, mrefu, mzito kitakoni. Lingegharimu nusu ya bei ya majukwaa ya wageni. Jana mfano huo uliibwa Iringa. Mpakani kampuni ya kigeni iliusubiri, iuandikishe kwa jina lake. Baada ya hapo nchi ingenunua akili ya mwanawe mwenyewe.

Igawa. Polisi walikuwa wameziba daraja.

Peugeot ilifunga breki katikati. Dereva, Jailos, aliruka nje, akafungua nyuma, akasukuma mzigo wote mtoni.

Vibuyu vya maziwa. Vitupu. Vingi mno.

Tupokigwe alifika bastola mkononi. Browning.

"Mfano uko wapi?"

Jailos alicheka. "Umo humo, dada. Vyote vimeshonwashonwa, Wasukuma wa Usangu hawatupi kibuyu kilichopasuka. Kimoja nilikikata, nikakijaza, nikakishona. Huko chini nina watu wa kukiokota. Wewe utakijuaje?"

Tupokigwe alitazama maji.

Vibuyu vilibiringika, vikalala ubavu, vikagongana. Wimbi lilikipiga kimoja. Kikainama.

Kikainuka.

Kikaendelea na safari kimesimama wima, shingo juu, kama askari wa gwaride.

Jailos naye alikiona. Kicheko kikakatika. Mkono ukaenda kiunoni.

Browning ililia mara moja. Bastola ya Jailos ikaruka, ikazama.

"Ulikijaza vizuri," Tupokigwe alisema. "Ila hukuuliza umebeba nini."

Polisi wakamtia Jailos pingu. Tupokigwe akashuka, akaingia mtoni hadi kiunoni, akakidaka kibuyu shingoni. Alirudi kwenye Land Rover, viatu vikichuruzika maji, akachukua kipaza sauti. Sauti ya mkuu ikamwahi.

"Kinyonga, ripoti."

"Mzigo ninao, mkuu. Mwambie Anania hesabu zake ni sahihi. Jukwaa lake halilali."

Akazima redio, akageuza gari kuelekea Iringa.