Stella Anasinzia Darasani

Sirili alirudi nyumbani Uru, mlimani Kilimanjaro, kutoka kikao cha wazazi akiwa amefura kwa hasira. Mkewe Yuditha alikuwa jikoni, kichanga kifuani, akinywa mtori, supu ya ndizi na nyama. Alikuwa amejifungua karibuni, na kwa desturi yao mama mzazi hupumzishwa na kushibishwa.

"Mwalimu amesemaje kuhusu Stella?" aliuliza Yuditha.

"Amesema ni *lazy*. Mbele ya wazazi wenzangu."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Sijui. Lakini wenye Kiingereza chao walinitazama kwa huruma."

Stella, binti yao wa kidato cha kwanza, alikuwa nje akimlisha ng'ombe. Alisikia yote, akainamisha kichwa.

Sirili hakuwa mtu wa kulala na hasira. Alivuka mfereji akaenda kwa jirani yake Hilaria, mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja ya mjini Moshi.

"*Lazy* ni mvivu," alisema Hilaria.

Sirili akasimama. "Basi imekwisha. Jumamosi anahama, anakwenda Chekereni kwa shangazi yake. Akafukuze ndege kwenye mpunga. Mimi sisomeshi mvivu."

"Kaa kwanza, Baba Stella. Huyo mwalimu ameona nini?"

"Anasema analala darasani."

"Basi mtoto huyo ni *sleepy*, yaani ana usingizi. *Lazy* ni mtu anayeweza kazi ila hataki. Mwenzangu ameona usingizi, akauita uvivu. Wewe ukiambiwa mtoto ana usingizi, utauliza nini?"

"Nitauliza kwa nini halali nyumbani."

"Haya. Kwa nini halali nyumbani?"

Sirili akaketi, akaanza kueleza. Tangu Yuditha ajifungue, Stella ndiye aliyeshuka tambarare kukata majani ya ng'ombe. Aliondoka majogoo, akapanda mlima na mzigo kichwani, akaoga haraka na kukimbilia shule. Sirili aliamka jua limeshatoka, akamkuta ng'ombe anatafuna. Hakuwahi kujiuliza majani yamefikaje. Sasa aibu ilimshika.

"Lakini Mwalimu, majani ni kazi ya wanawake," alisema kwa sauti ndogo.

"Ng'ombe wako ndiye amekuambia?"

Kesho yake walikwenda shuleni pamoja. Mwalimu wa darasa, kijana aitwaye Ildefonce, aliwaamkia shikamoo na kuwapa viti.

"Mwanangu," alisema Hilaria, "usituambie Stella ni mtu gani. Tuambie anafanya nini."

Ildefonce alifikiri. "Asubuhi anasinzia. Mchana, akishachangamka, ni *attentive*. Anasikiliza kwa makini."

Sirili akamweleza habari ya majani, bila kujificha. Ildefonce alisikiliza mpaka mwisho.

"Nisamehe, mzee. Kumbe mtoto huyu ni *hard-working*, mchapakazi hasa. Nilipaswa kumuuliza mapema."

"Hata mimi baba yake sikumuuliza," alisema Sirili.

Siku iliyofuata Stella alilala mpaka kukapambazuka. Sirili alikuwa njiani, mzigo wa majani kichwani, shingo inauma. Wanawake waliokuwa wakipanda mlima walimpisha huku wakicheka.

"Baba Stella, kumbe umeolewa?"

"Nimeolewa na ng'ombe," alijibu. "Ni mkali kuliko mama mkwe."

Walicheka mpaka mizigo ikataka kuwaanguka. Hata hivyo, kesho yake alishuka tena.

Muhula ulipoisha, wazazi waliitwa kikaoni, safari hii pamoja na watoto wao. Ildefonce alimsimamisha Stella. Alisema binti huyo ni *attentive*, na siku hizi anauliza maswali hata asubuhi. Wazazi walipiga makofi. Stella akageuka kumtafuta baba yake kwa furaha.

Sirili alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi, anakoroma. Stella alimtikisa bega taratibu.

"Baba, watu watasema wewe ni *lazy*."

Sirili akafumbua jicho moja. "Waambie ni *sleepy*," alisema, "kisha wakuulize kwa nini."