Sahihi ya Kumi

Tangu lori la kampeni ya kuokoa umeme lipite shuleni kwao na vipaza sauti vyake, Ngendo hakuwa na mapumziko. Kila asubuhi kabla ya chai alizunguka ploti ya vyumba vya kupanga walimoishi pale Mwihoko, kadi mkononi, akitafuta taa zinazowaka bure. Watu wa kampeni walikuwa wamewaeleza kuwa umeme ukitumiwa ovyo unachangia mabadiliko ya tabianchi. Kwa kila taa aliyozima, mtu mzima alimtilia sahihi moja kwenye kadi hiyo. Mwenye sahihi kumi angesomwa jina gwarideni Jumatatu. Ngendo alikuwa na tisa, na tayari alikuwa akitembea kama mtu aliyekwisha kusomwa jina.

Jumamosi moja ya Julai, baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nyuma ya ploti, ndani ya stoo ya jirani yao Mama Muoki, balbu ilikuwa ikiwaka mchana peupe. Mama Muoki alikuwa mjane aliyeachishwa kazi katika shamba la maua. Jana yake alikuwa ameleta vifaranga hamsini wa siku moja, akamwambia Rachael, mama yake Ngendo, kwamba hao ndio mwanzo wake mpya. Sasa alikuwa amekwenda Githurai kuwanunulia chakula.

Ngendo alichungulia dirishani. Vifaranga walikuwa wamelala chini ya balbu, wametulia. Akajiuliza, kuku anataka taa ya nini mchana? Angeweza kumwuliza mama yake, aliyekuwa akifua nguo hatua chache tu kutoka pale. Hakuuliza. Alibonyeza swichi iliyokuwa kando ya mlango, akaenda kuruka kamba na wenzake.

Saa saba Mama Muoki alirudi. Ngendo alimkimbilia na kadi yake, akamfuata hadi stoo. Mlango ulipofunguliwa, hapakusikika mlio wowote. Vifaranga walikuwa wamerundikana kwenye pembe moja wakitafuta joto ambalo balbu ilikuwa ikiwapa, wa juu wamewalemea wa chini. Mama Muoki alipiga magoti, akaanza kuwatenganisha mmoja mmoja, na wengi walikuwa baridi kama mawe ya mto. Ngendo aliirudisha kadi mfukoni polepole.

Rachael alikuja mbio na chupa za maji moto. Walipomaliza kuwafunika waliosalia, walihesabu kumi na saba tu.

"Ni mimi," Mama Muoki alisema kwa sauti ya chini. "Hii maneno ya zima taa imeniingia kwa kichwa mpaka nikazima nikitoka. Nimewaua na mkono yangu mwenyewe."

Rachael alimfariji kadiri alivyoweza. Ngendo alisimama pembeni. Hakuna aliyemshuku, na angenyamaza, jambo hilo lingezikwa pamoja na vifaranga. Lakini kumtazama mwanamke yule akijilaani huku akipanga mizoga kwenye gunia kulimchoma moyo kuliko fimbo yoyote.

"Mama Muoki, si wewe," alisema, machozi yakimtiririka. "Ni mimi nilizima. Nilitaka unitilie sahihi."

Mama Muoki hakumpiga wala kumkemea. Heri angemkemea. Aliketi juu ya mfuko wa chakula alioununua, akafunika uso kwa leso, akalia.

Maji yakimwagika hayazoleki. Jioni hiyo Ngendo na mama yake walimsaidia kuunda kizimba kidogo cha katoni, cha mviringo, kisicho na pembe za kurundikania. Waliweka maranda chini na magunia juu ili joto lisitoroke. Kwa kizimba hicho, balbu ndogo ilitosha mahali pa ile kubwa. Mama Muoki akanyoosha mkono aombe kadi atie sahihi ya kumi, kwa kuwa hapo umeme ulikuwa umeokolewa kweli. Ngendo alitikisa kichwa.

"Basi nisikize, mwanangu," Mama Muoki alisema. "Wale watu wa kampeni hawakukosea. Stima isipotezwe, na mimi nitazidi kuzima zangu. Lakini kabla uzime kitu ya mtu, uliza kwanza inamsaidia na nini. Na ukikosea, sema, vile umesema leo. Ungenyamaza, ningejilaumu mpaka nizeeke."

Jumatatu majina yalisomwa gwarideni, na la Ngendo halikuwamo. Asubuhi hiyo, kabla ya kwenda shule, alikuwa amepitia stooni na kutia kiganja ndani ya kizimba, ahakikishe kuna joto. Vifaranga walikuwa wangali kumi na saba.