Sprinti kwa Ndizi za Mitunguu

Jumatatu asubuhi Karambu alifungua chumba cha kuivishia ndizi. Alimenya moja. Ganda lilikuwa la manjano. Ndani ilikuwa ngumu kama muhogo mbichi.

"Tena!" alisema.

Chumba hicho ni cha kikundi cha wakulima ishirini wa Mitunguu. Mnunuzi wao mkubwa ni shule moja ya bweni kule Nkubu. Wiki iliyopita mpishi wa shule alirudisha kreti zote. "Nawapa wiki mbili. Mkileta ngumu tena, msirudi," alisema. Shule ikiwaacha, chumba kinafungwa. Watarudi kwa mabroka, wanaopima mkungu kwa macho na kutaja bei wenyewe. Mama yake Karambu alinyonywa hivyo mpaka kaburini. Karambu hajasahau.

Mchana kikundi kilikutana. Mwenyekiti, mzee Kailemia, alisimama na barua mkononi.

"Kampuni ya mjini itatuletea sprinti ya ubunifu. Siku tano! Tunafikiria pamoja, tunatengeneza sampuli, siku ya mwisho wateja wanaijaribu. Tutapata mfuko mpya wa kufungia ndizi, wenye picha."

Watu walipiga makofi. Karambu hakupiga.

"Mzee, kahawa ilipokufa tuliletewa semina. Maziwa yakakosa soko, semina. Tulibaki na fulana tu! Tukikaa siku tano kwa karatasi, shule itakula nini?"

"Mama, unapinga maendeleo?"

"Napinga kufungwa macho!"

Jirani yake, Nkirote, aliinua mkono. Alifanya kazi miaka sita Embu mjini, katika kampuni ya programu za simu. Ameongoza sprinti nyingi.

"Sprinti si mbaya," alisema. "Hata jembe ni zuri, lakini huwezi kuchotea maji."

"Sasa inafaa lini?" aliuliza Kailemia.

"Shida ikiwa kubwa na jibu hamlijui. Tena liwe jibu la kujaribiwa kwa sampuli, kabla hamjamaliza nguvu. Na mwenye kuamua akae ndani siku zote tano. Haya, niambieni. Ndizi ni ngumu kwa nini? Hakuna anayejua?"



Karambu alisimama. "Tunajua sote. Tunazikata changa kwa kuogopa wezi. Na changa kuliko zote ni zako, mwenyekiti."

Kailemia aliruka, kiti kikaanguka. "Shamba langu liko barabarani! Niwakomazie wezi?"

"Hapo umesema shida yenyewe, mzee," alisema Nkirote. "Mfuko haukomazi ndizi. Jibu mkishalijua, lifanyeni."

Walibishana mpaka sauti zikakauka. Mwisho walikubaliana. Mkungu ukichomoza, mwenye shamba anaufunga kamba yenye tarehe. Hakati kabla miezi mitatu haijapita na ndizi hazijajaa zikawa mviringo. Mashamba ya barabarani yatalindwa kwa zamu.

"Zamu ianze kwangu," alinung'unika Kailemia.

Jioni hiyo walikata mikungu iliyokomaa tu. Ilikuwa michache, wakaiweka chumbani iive.

Jumatatu iliyofuata mpishi alimenya ndizi moja. Akaila yote. Karambu alimsogezea nyingine.

"Leteni na wiki ijayo," alisema mpishi.

Tangu siku hiyo hakuna kreti iliyorudi. Juzi Kailemia aliuliza mkutanoni, "Na hivi vindizi ambavyo shule haichukui, watu watavinunua vikiwa kripsi, unga au uji wa watoto?"

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Hakuna aliyekuwa na hakika.

Nkirote alicheka. "Mzee, sasa waite wale wa sprinti."