Kivuli cha Mzee Hosea

Kila siku baada ya masomo Anastazia alipitia dukani kwa shangazi yake Rebeka kabla ya kwenda nyumbani. Lilikuwa duka la steshenari, kando ya barabara inayokwenda stesheni ya reli ya Manyoni. Kazi yake ilikuwa kufagia, kupangusa rafu za madaftari, kisha kupangusa mashine. Katika miezi ya kiangazi upepo wa Manyoni hauchoki, na vumbi lake ni laini, linapenya hata penye dirisha lililofungwa. Ndiyo maana Rebeka aliifunika mashine yake mpya kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama watu wanavyofunika redio sebuleni. Alipotaka kuweka karatasi alikisukuma nyuma kidogo, lakini upande wa mbele kilining'inia hapohapo siku zote.

Mashine hiyo ilifanya kazi tatu. Ilichapa, ilitoa kivuli cha karatasi, na iliskani, yaani iliipiga picha karatasi na kuituma kwenye kompyuta. Haikuwa na waya wa kuiunganisha na kompyuta hiyo; ilituma kwa waifai. Anastazia, aliyekuwa darasa la saba, alipenda kuutazama mwanga ukipita chini ya kioo, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kwa tochi uvunguni mwa kitanda.

Hayo yalikuwa kabla ya msiba wa Mzee Hosea.

Mjane wa mzee huyo, Mama Leonidas, alikuja dukani na picha moja iliyofungwa katika kipande cha kaniki nyeusi. Picha nyingine zote zilikuwa zimeliwa na mchwa. Aliomba waiskani, kisha wamchapie tano za kugawia ndugu. Katika picha, mzee alitazama mbele moja kwa moja, midomo imefunguka kidogo, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno. Rebeka aliilaza juu ya kioo. Mwanga ulipita. Sura ikatokea kwenye kompyuta. Alipobonyeza tu kuchapa, umeme ukakatika.

Mama Leonidas alibaki amesimama gizani, kaniki mkononi.

"Kivuli chake msikifute, Rebeka," alisema kwa sauti ya chini. "Kiacheni humo humo."

Dukani alikuwepo Simoni, dereva wa bodaboda, aliyekuwa akisubiri kutoa kivuli cha leseni yake. Aliyasikia maneno hayo, akatoka, akawasha pikipiki. Hakuyasikia yaliyofuata. Mama Leonidas alieleza kwamba mwanawe, Leonidas, alikuwa machimboni huko Chunya na simu yake haikupatikana. Siku atakayorudi atataka picha ya baba yake, na hii iliyobaki nayo mchwa wanaweza kuila.

Umeme ulichelewa kurudi. Kazi za mtandao zilizokuwa zimebaki, Rebeka alizimaliza kwa waifai ya jirani yao Idrissa, muuza vipuri, ambaye duka lake lina betri za sola. Anastazia ndiye aliyekwenda kuomba neno la siri, na ndiye aliyeliingiza kwenye kompyuta, ambayo ilikuwa bado na chaji. Jioni, umeme uliporudi, ile mashine mpya haikuchapa kitu, kwa hiyo picha tano zilichapwa kwa mashine ya zamani yenye waya, na mjane akazichukua.

Kesho yake kijana mmoja alileta cheti cha kuzaliwa. Rebeka alikiweka kwenye kioo, akabonyeza kitufe cha kuskani, mwanga ukapita. Kisha akafungua picha ya mwisho iliyoingia kwenye kompyuta.

Mzee Hosea alimtazama.

Alidhani amekosea. Akarudia. Mwanga ulipita tena, na mzee akatokea tena, midomo imefunguka kidogo. Alijaribu barua, akajaribu hati ya kiwanja. Mwishowe alifunga mfuniko bila kuweka kitu chochote ndani. Mzee alikuwepo. Yule kijana alikichukua cheti chake, akaagana nao huku akirudi kinyumenyume, akaenda zake.

Habari ilifika kijiwe cha bodaboda siku hiyohiyo. Huko Simoni alikuwa na la kuongeza: alisikia kwa masikio yake mwenyewe mama akisema kivuli cha mumewe kisifutwe, kiachwe humo humo. Sasa, mtu akienda steshenari, kivuli ni nakala ya karatasi na hakuna anayeshangaa. Lakini kivuli ni kivuli pia. Neno hilo lilipofika sokoni lilikuwa limeshageuka, na watu walisema kwamba Mama Leonidas alikifunga kivuli cha marehemu katika kaniki na kukifungia ndani ya mashine.

Shuleni, wanafunzi walimzunguka Anastazia. Walitaka kujua jambo moja tu: ni kweli Mama Leonidas alisema kivuli kiachwe humo humo?

"Ndiyo," alijibu. "Alisema."

Alitaka kuongeza habari za Leonidas na mchwa. Lakini wenzake walikuwa wameshapiga kelele ya hofu, ile hofu yenye raha ndani yake, na kila mmoja alikuwa akimtazama yeye kama mtu mkubwa. Hakuongeza.

Juma lililofuata alipita karibu na kibanda cha Mama Leonidas, aliyeuza mafuta ya alizeti. Chupa zilikuwa zimejipanga mezani, na vumbi limezifunika zote sawasawa. Hapakuwa na alama ya kidole hata kwenye moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe bado unanisalimia?"

Mama Leonidas alimwambia kwamba kesho asubuhi angepanda basi la kwenda Rungwa, kwa kaka yake mfuga nyuki, na huenda asirudi. Pale hakuwa na wa kumuuzia. Alisema hayo bila hasira, akizipanga chupa katika ndoo.

"Watu wakikutana nami hutazama chini kwanza," alisema. "Wanaangalia kama nina kivuli changu."

Bila kutaka, Anastazia naye alitazama chini. Kivuli kilikuwepo, kirefu, kimelala juu ya vumbi. Alipoinua uso, Mama Leonidas alikuwa amemwona.

Anastazia alikimbia hadi dukani. Rebeka alikuwa peke yake. Upepo ulikuwa umejaa vumbi, mchana umekuwa wa rangi ya kahawia, na bati lilikuwa likigonga juu ya dari kana kwamba kuna mtu anatembea huko. Mashine ilikaa kwenye kona yake chini ya kitambaa cheupe. Rebeka alikuwa ameamua kuiuza kwa bei yoyote.

"Shangazi, tuijaribu kwanza," Anastazia alisema. "Tujaribu kitu kimoja kimoja."

Rebeka hakupenda, lakini hakukataa. Anastazia alikisukuma kitambaa nyuma, akafungua mfuniko, akaweka kiganja chake juu ya kioo. Kilikuwa baridi. Kwanza alibonyeza kitufe cha kutoa kivuli. Mwanga ulipita chini ya vidole vyake, na karatasi ikatoka. Ilikuwa na mkono wake, hata kovu la kidole gumba.

Kisha, mkono ukiwa palepale, alibonyeza kuskani. Mwanga ulipita vilevile. Rebeka akafungua kompyuta. Mzee Hosea.

"Unaona?" Rebeka alinong'ona.

"Lakini kioo kimeuona mkono wangu, shangazi. Karatasi hii hapa. Kinachoharibika kinaharibikia njiani, mkono ukitoka kwenye mashine kwenda kwenye kompyuta."

Hapo Anastazia aliona kitu. Chini ya ukingo wa kitambaa, upande wa mbele, palikuwa na mwanga mdogo wa rangi ya machungwa. Uliwaka, ukazima, ukawaka, kama jicho linalopepesa nyuma ya pazia. Alishika ncha ya kitambaa, akakivuta chote.

Palikuwa na kioo kidogo cha maandishi. Kwa sababu ya kitambaa, na kwa kuwa tangu hofu ile Anastazia hakuipangusa tena mashine, hawakuwa wamekisoma siku zote hizo. Rebeka aliinama, akayasoma maneno yake ya Kiingereza kwa taratibu, akamtafsiria: mashine haikuipata kompyuta.

Anastazia alienda kwenye kompyuta, akatafuta jina la waifai iliyokuwa ikitumika. Halikuwa la duka lao. Lilikuwa la Idrissa. Tangu siku ile ya umeme kukatika, kompyuta ilikuwa ikikaa kwa jirani huku mashine ikikaa nyumbani. Mtandao ulifanya kazi, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Alimgeukia Rebeka.

"Ni mimi, shangazi. Mimi ndiye niliyeihamisha, nikasahau kuirudisha."

Alichagua jina la duka lao, akabonyeza. Wakasubiri. Ule mwanga wa machungwa ukazima.

Kisha mashine iliamka yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Ilikoroma, ikavuta karatasi, na paji la uso likaanza kutoka, likafuatwa na macho, kisha midomo iliyofunguka kidogo. Mzee Hosea alilala kwenye trei akiwatazama. Karatasi nyingine ikavutwa. Rebeka alimshika Anastazia begani, akambana mpaka akaumia. Mzee alitoka tena, na tena, kisha mashine ikanyamaza.

Anastazia alizihesabu. Zilikuwa tano.

"Ni zile tano ulizobonyeza siku ile, kabla umeme haujakatika," alisema. "Zilikuwa zimekwama."

Rebeka alikaa kwenye kiti. Alimwambia Anastazia aweke mkono tena kwenye kioo. Mwanga ulipita, na safari hii kompyuta ilionyesha kiganja cha mtoto chenye kovu kwenye kidole gumba. Basi yote yakaeleweka. Mashine ilikuwa ikipiga picha kila mara, lakini ilikosa kompyuta ya kuipa. Na Rebeka alipofungua picha ya mwisho iliyoingia, ya mwisho ilibaki ileile ya mzee.

Waliondoka wote wawili wakati huohuo, wakiwa na picha tano ndani ya bahasha. Mama Leonidas alikuwa akifunga mizigo. Anastazia alimweleza habari ya waifai. Kisha akaeleza lile lingine, lililokuwa gumu zaidi, kwamba shuleni waliuliza alisema nini, naye akajibu.

"Sikudanganya, mama. Nilisema ulichosema."

"Na sababu niliyosema, uliisikia?"

"Niliisikia."

"Basi ungewapa na hiyo," Mama Leonidas alisema. "Neno langu ulilichukua nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyonifungia biashara."

Anastazia alilia, akaomba msamaha. Mama Leonidas alizitazama picha moja moja. Ndoo ya mafuta alikuwa ameshaifunga kamba. Aliifungua.

Asubuhi basi la Rungwa liliondoka bila yeye. Rebeka alimwalika dukani, akamwita na Simoni na leseni yake. Simoni alisimama karibu na mlango na kusema yeye anaona vizuri kutoka hapo. Kabla ya kazi yoyote, Anastazia aliwasimulia watu waliojaa mlangoni maneno yote ya Mama Leonidas, pamoja na habari za mwanawe na za mchwa. Kisha akaiweka leseni kwenye kioo. Mwanga ulipita. Kwenye kompyuta ikatokea sura yenye mashavu yaliyojaa na jicho moja limefumba nusu.

"Ndio mimi huyo?" Simoni aliuliza.

"Ndio wewe," Mama Leonidas alimjibu. "Na kivuli chako, baba, tukifute au tukiache humo humo?"

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Idrissa, aliyechungulia kutoka duka la pili. Simoni alijikuna kichwa, akaomba radhi mbele ya watu. Aliondoka na chupa ya mafuta chini ya kwapa, na kijiweni alikuwa na safari ndefu ya kurudisha maneno aliyoyapeleka.

Watu walipotawanyika, Rebeka alikikunja kile kitambaa cha kufuma, akakiweka kabatini.

"Mimi nilifunika mashine isipate vumbi, nikafunika na maneno yake," alimwambia Anastazia. "Wewe ulifunika maneno ya mtu. Kitu kikitutisha, tusikimbilie kutafuta wa kumlaumu. Tukitazame kwanza, hatua kwa hatua. Na ukiulizwa jambo la mwenzako, lieleze lote, hasa kama wewe ndiye uliyekuwepo."

Picha ya Mzee Hosea hawakuifuta. Iliachwa humo humo, ikimsubiri Leonidas.