Sauti ya Kanisani, Kimya cha Nyumbani

Ndugu zangu mnaotumika kanisani, sogeeni karibu. Hili ni letu sote, tusianze kunyoosheana vidole.

Palikuwa na mwalimu wa kwaya, mke wa fundi seremala. Jumamosi asubuhi nyumba yake ilikuwa raha tupu. Yeye anaosha vyombo huku akiimba, mumewe anapiga randa uani akifuata mapigo yaleyale, na mtoto wao wa miaka mitano, waliyembandika jina la Kasuku kwa vile domo lake halikufungwa, anauliza maswali mia bila kungoja jibu. Majirani walizima redio ili wamsikilize mama yule. Kwaya yake ilikuwa na waimbaji arobaini, na niseme bila haya, hapakuwa na kwaya ya kuifikia. Sisi washirika tulitembea kifua mbele.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Desemba ilipoingia, kila mtu alimtaka mwalimu. Ibada ya Krismasi ilidai nyimbo saba mpya. Wagonjwa wodini waliomba kuimbiwa, harusi zilikuwa tatu, na watoto wa shule ya Jumapili walikuwa na igizo lao. Yeye jibu lake lilikuwa moja tu: "Nipo!" Nyimbo zote alizibeba kichwani, akawafundisha waimbaji kwa kuziimba mwenyewe, sauti zote nne, hata besi alijikaza akaikoroma.

Msaidizi wake, mshona nguo mwenye besi nene, alimwambia, "Mwalimu, niachie mimi wanaume, upumue kidogo."

"Wee kaka, utaniharibia wimbo," akamjibu akicheka.

Wiki ya pili sauti ikaanza kukwaruza. Daktari alimchungulia koo, akaguna. "Mama, nyuzi za sauti zimevimba. Siku kumi usiimbe, usiongee, hata kunong'ona usinong'one. Ukikaidi, sauti itaondoka, na siwezi kukuahidi kama itarudi."

Sasa sikilizeni kosa ambalo mtu wa kwaya tu ndiye angelifanya. Alijiambia hivi: kama sauti ni ya kubana matumizi, basi ataibana nyumbani, aitumie kanisani. Kule kanisani hakumwambia mtu. Nyumbani alimwandikia mumewe kwenye karatasi, "Daktari kanikataza kuongea. Mazoezini nitaongoza kwa mikono." Mume wa watu akaamini.

Nyumbani akawa bubu. Kumwita mtoto, alipiga makofi. Kumkataza, alitikisa kidole. Kasuku akija mbio na habari zake za kuku wa jirani, mama alimshika bega akamgeuza aelekee kwa baba. Ikifika saa kumi jioni, kanisani alikuwa mtu mwingine: "Soprano, juu! Hapo mmelala! Rudieni!" Jamani, tuseme ukweli, hiyo ni haki?

Polepole Kasuku akaacha kuuliza. Siku moja alianguka akachubuka goti, akampita mama yake mlangoni, akaenda kulilia kwa baba kwenye vumbi la mbao. Mama aliona, ikamchoma, lakini akajipoza moyo kwamba Krismasi ikipita atamkumbatia.

Siku tano kabla ya sikukuu, fundi alikwenda kumpachikia mteja mlango mpya, ikabidi mama aende na mtoto mazoezini. Kasuku akakaa benchi la mbele. Mwalimu akasimama, akapaza sauti: "Haya, wapendwa, ubeti wa kwanza!"

Mtoto akaruka kutoka kitini. "Mama anaongea!" Kisha akamgeukia mshona nguo, uso umemshuka. "Kumbe mama ana sauti. Hataki tu kuongea na sisi."

Mwalimu alipiga magoti mbele ya mwanawe, akafungua kinywa amwambie, "Hapana, mwanangu." Hakikutoka kitu, hata mkwaruzo. Alijaribu tena, machozi yanamtiririka, na Kasuku akabaki kumkodolea macho.

Mchungaji, aliyekuwa akipanga viti, alimwinua. "Binti yangu, nenda nyumbani. Mungu hakukuita ili watu wako wawe yatima."

Mwalimu akauliza kwa mikono: Na nyimbo?

"Tunazo, Mwalimu," mshona nguo alisema. "Umetufundisha vizuri kuliko unavyojua. Hukutuuliza tu." Papo hapo wakagawana kazi. Vijana wakachukua wodi, akina mama wakachukua harusi, shemasi akabeba igizo.

Siku ya Krismasi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja, mwalimu aliketi na familia yake. Wimbo wa tatu wanaume waliingia mapema. Akanyanyuka nusu, mumewe akamshika mkono. Mshona nguo akainua kidole, sauti zikakutana, na wimbo ukapaa mpaka watu wakasimama wenyewe. Loo, siku ile! Mwalimu alilia, na hakuwahi kujivunia kwaya yake kama siku ile ambayo hakuimba hata neno.

Sauti ilirudi katikati ya Januari, nzito na yenye kukwaruza. Zile noti za juu, daktari alisema azisahau. Asubuhi aliyoruhusiwa kuongea simu iliita, watu wa harusi nyingine. Akaiacha iite. Akaketi sakafuni jikoni, akasema, "Kasuku, njoo unisimulie."

Mtoto alimtazama kwanza, kama anayepima. "Nianzie wapi?"

"Pale nilipoacha kukusikiliza."

Kasuku akavuta pumzi, akaanza. Hakunyamaza mpaka saa sita mchana.

FUNZO

Enyi wachungaji, wainjilisti, walimu wa kwaya na wazee wa kanisa, msimu huu mtaitwa kila upande. Itikeni, ni heshima kubwa. Ila kidole kimoja hakivunji chawa: fundisha wenzako, kisha waamini. Na watu wa nyumbani kwako usiwape makombo ya nguvu zako, maana nao ni kundi ulilokabidhiwa. Kazi ya Bwana ina mikono mingi, bali mtoto wako ana mama mmoja tu.