Kadi ya Oili

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kunywa chai, nilikuwa naosha pikapu ya baba. Tunakaa Kyela mjini, na pikapu hiyo ilibeba mpunga kutoka Makwale tangu sijaanza shule. Baba alinipa na kazi nyingine. Kila alipobadilisha oili, mimi ndiye niliyeandika kilomita kwenye kadi iliyofungwa kwa waya ndani ya boneti. "Doreen ndiye karani wangu," aliwaambia watu, nami nikavimba kichwa.

Kwa hiyo uchakavu wa gari lile niliujua vizuri. Kadi ilionyesha kuwa limetembea kilomita laki tatu na thelathini na nane elfu. Ilionyesha pia kuwa mkanda wa injini ubadilishwe likifika laki tatu na arobaini elfu, la sivyo injini itakufa.

Mwaka huo bei za magari zilipanda mpaka watu wakashika vichwa. Gari jipya hakuna aliyethubutu hata kuliulizia, na yale yaliyochoka yakawa yanagombaniwa. Baba akaona hapo ndipo pa kupatia fedha, akaamua kuiuza pikapu. Alimwita fundi, Gwamaka, naye akairudisha mita nyuma hadi kilomita elfu themanini na mbili tu. Kisha baba akaniambia niing'oe kadi na kuitupa.

"Baba, si uongo huo?"

"Ni biashara, mwanangu. Kila mtu anafanya."

Niliing'oa. Sikuitupa, bali niliificha ndani ya daftari langu la sayansi.

Mnunuzi aliyekuja alikuwa Mama Mercy, mfinyanzi wa Matema. Sokoni kwetu mtu hanunui chungu bila kukigonga kwa kidole na kusikiliza. Kikitoa sauti safi ni kizima, kikitoa sauti butu kina ufa. Lakini vyungu vya Mama Mercy mimi sikuwahi kuvigonga. Akisema, "Hiki kizima, chukua," nilichukua nikaenda zangu.

Alikuja na mdogo wake, Yotamu, ambaye ni dereva. Mama Mercy alikuwa ameuza mtumbwi wa marehemu mumewe ili apate gari la kupelekea vyungu hadi mpakani Kasumulu. Yotamu alilizunguka gari, akasoma mita, akasema mkanda bado una safari ndefu. Mama Mercy hakuitazama mita. Alinitazama mimi.

"Doreen mwanangu, gari hili ni zima?"

Baba akakohoa.

"Ni zima, mama," nikasema.

"Ndaga fijo," akanishukuru, akanishika bega.

Gari lilidumu wiki tatu. Mkanda ulikatika njiani, injini ikafa, na gari lilikuwa limejaa vyungu vya mteja aliyekuwa anasubiri Kasumulu. Mteja alisubiri hadi jioni, kisha akanunua kwa wengine.

Kesho yake Mama Mercy alikuja nyumbani. Hakupiga kelele. Baba akamwambia kwamba gari ni chuma, chuma huharibika, na labda Yotamu aliliendesha vibaya. Mama Mercy akainamisha kichwa kana kwamba kosa ni lake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaingia ndani, nikatoka na kadi, nikamwekea mkononi.

Aliisoma polepole. "Mwandiko huu ni wako?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikuuliza wewe, Doreen. Baba yako sikumuuliza, kwa sababu muuzaji husifia chake. Nilikuuliza wewe."

Baba hakuweza kuinua macho. Alisema, "Nisamehe, dada. Na mtoto huyu msamehe, mimi ndiye niliyemfundisha." Wiki hiyo hiyo akauza mpunga wote uliokuwa stoo, akamrudishia fedha zake na kulichukua gari. Lakini mtumbwi ulikuwa umeshavushwa Malawi, na aliyeununua hakukubali kuuachia. Mama Mercy akarudi kusafirisha vyungu kwa magari ya watu. Pikapu ipo uani kwetu, kuku wanataga ndani yake.

Mwezi uliopita mama alinituma sokoni kununua chungu. Mama Mercy aliitikia salamu yangu, akanipa chungu, nikageuka kuondoka.

"Rudi," akasema. "Gonga kwanza."

"Vyungu vyako huwa sigongi, mama."

"Gonga, mwanangu. Sisi chungu chenye ufa tunakivunja wenyewe nyumbani, hatukileti sokoni. Tukikiziba kwa udongo tutapata fedha leo, lakini kesho kitapasukia jikoni kwa mtu. Ukweli unauma siku unapousema. Uongo unaumiza siku nyingi, na unamuumiza asiyehusika. Aliyeaminiwa akidanganya mara moja, watu huanza kugonga kila kitu. Hata mimi siku hizi nagonga."

Watu walikuwa wanatutazama. Nikakigonga kwa kidole, nikasikiliza.

Chungu kilikuwa kizima.